Mboga ya Baridi Katika Nchi ya Dhahabu

Nyuma ya nyumba nyingi za Kahama, Katoro na Geita mjini, mwezi wa Julai, utakuta tuta la chainizi. Si shamba. Ni hatua chache za udongo uliolimwa kati ya ukuta wa matofali na banda la kuku, mahali ambapo jembe lina nafasi finyu ya kugeuka. Alfajiri, upepo wa kipupwe unapovuka mbuga kavu, jani la chainizi husimama wima: pana, kijani kibichi, uti wake mweupe umejaa maji, umande umetulia kwenye mikunjo. Ikifika saa saba mchana jani lilelile limelala juu ya udongo, limelegea kabisa, na mgeni wa bustani angesema limekufa. Jua linashuka, maji yanapita, jani linanyanyuka. Kesho yake hali ni ileile. Kwa kuwa hayo yote hutokea uani, karibu na karo la vyombo na kamba ya kuanikia nguo, watu hupita bila kutazama. Mimi jani hilo limenishika macho, na kadiri ninavyolitazama ndivyo linavyonilazimisha kuuliza jambo kubwa kuliko umbo lake: kiumbe kilichoumbwa kwa ajili ya shida za nchi nyingine kinaishije katika shida za nchi hii?

Chainizi ni mtoto wa baridi. Ukoo wake, ambao wanasayansi huuita Brassica rapa, ulilelewa na wakulima wa Asia ya Mashariki kwa karne nyingi hadi mmea mmoja ukapata sura nyingi: pak choi yenye mashina meupe, kabichi ndefu ya Kichina inayojifunga kichwa, mizuna ya Japani yenye majani yaliyochanikachanika, komatsuna, na tatsoi inayojitandaza chini ikizungusha majani yake ya kijani kizito. Zote hizo ni spishi moja. Huko kwao mwaka unapoelekea mwisho na mboga nyingine zikanyauka, hizi ndizo zinazobaki bustanini. Tatsoi huvunwa hata baada ya theluji kuifunika. Mtu hufukua kwa mkono na kukuta jani zima, hai. Wakulima wa huko wamejua tangu zamani, na sayansi ikaja kueleza, kwamba baridi inapoingia mmea hubadili sehemu ya wanga wake kuwa sukari, na maji yenye sukari ni magumu kuganda kuliko maji matupu. Ndiyo maana jani lililopigwa na baridi huwa tamu kuliko lililokulia kwenye vuguvugu. Mateso yameingia ndani yake yakatoka yakiwa utamu. Ni vigumu kulijua jambo hilo na usiwafikirie watu unaowafahamu.

Lakini mlete huyo shujaa wa theluji Shinyanga umwone. Hapa tuko nyuzi tatu na ushee kusini mwa Ikweta, juu ya uwanda wa mita elfu moja na zaidi, na baridi yetu kali kabisa ni usiku wa Juni na Julai, kipimajoto kinaposhuka hadi karibu nyuzi 15 na watu kuvaa makoti. Kwa chainizi, huo ni usiku mwema wa kupumzika. Shida inakuja mchana. Jua linapanda bila wingu, udongo unapata moto, upepo mkavu unanyonya maji ya jani kuliko mizizi mifupi inavyoweza kuyarudisha. Sukari iliyoandaliwa kwa ajili ya barafu haina kazi. Nguvu yote ile ya kuvumilia, iliyojengwa kizazi juu ya kizazi, inakutana na adui ambaye haikuwahi kufundishwa jina lake. Septemba na Oktoba, joto likizidi, mmea unakata tamaa kwa namna yake: jani linakuwa gumu, ladha inakuwa chungu, na shina la maua linachomoza kabla ya wakati, maana kiumbe kinachoona kifo hukimbilia kuacha mbegu.

Na bado chainizi ipo. Ipo kwenye mabeseni sokoni, ipo magengeni, ipo kwenye sahani za mama ntilie pembeni ya ugali na dagaa wa Ziwa Victoria. Iko hai kwa sababu kuna mtu aliyeamka kabla ya jua akachota maji. Kuna mtu aliyesimika vijiti vinne na kutandaza nyasi juu ya kitalu ili miche isiungue. Kuna aliyechukua chandarua kikuukuu, kilichokwisha kazi yake juu ya kitanda, akakifunika juu ya miche ili wadudu wasiingie. Kuna aliyeomba samadi kwa jirani mwenye ng'ombe, akaiacha ioze vizuri, akaichanganya na udongo kwa mikono. Kuna aliyetandaza mabua kati ya mstari na mstari ili unyevu usikimbie. Mchana anaporudi kutoka sokoni, jambo la kwanza analolitazama ni tuta. Tukisema chainizi imestahimili Shinyanga, tumesema nusu ya kweli. Ametangulia kustahimili mtu, na kwa ajili yake jani likaweza.

Hapo ndipo ninapoona tunakosea tunapousifu ustahimilivu. Tunasema fulani ni mgumu, amezoea shida, mwacheni ataweza. Tunawasema hivyo wachimbaji, tunawasema hivyo wanawake, tunawasema hivyo hata watoto. Lakini chainizi inatufundisha kwamba hakuna kiumbe mgumu kwa kila kitu. Kila mmoja ni mgumu kwa shida ambazo mama zake walizipitia, na ni laini mbele ya shida ngeni. Anayevumilia njaa huenda asivumilie upweke. Aliyekulia kwenye mvua za Kigoma au ubaridi wa vilima vya Tarime anaweza kubeba gunia la mawe kutwa nzima, kisha akaangushwa na usiku mmoja wa kukosa mtu wa kumwamkia. Kusema kwamba mtu amezoea shida mara nyingi ni njia ya kujiondolea wajibu wa kumpa kivuli.

Na ukanda huu wa Shinyanga na Geita ni ukanda wa wageni. Dalili za dhahabu Geita zilionwa wakati wa Wajerumani, mwaka 1898. Mgodi wa zamani ulichimbwa tangu miaka ya 1930 hadi 1966. Mgodi mkubwa wa sasa ulianza kutoa dhahabu mwaka 2000, na Bulyanhulu ukafuata mwaka 2001. Pembeni ya hiyo mikubwa, wachimbaji wadogo hawakuwahi kukauka. Ikisikika habari ya rasha, yaani dhahabu imetokea pahala, watu hufika usiku huohuo: Waha, Wakurya, Wahaya, Wanyamwezi, Wasukuma wenyewe waliotoka vijiji vya pamba. Wanafika na sururu, godoro na namba ya simu ya ndugu. Wanaingia kwa kamba kwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, wanapandisha mawe, wanayasaga kwenye mashine ya karasha, wanakula pamoja, wanalala pamoja, na mara nyingi hawajuani majina kamili. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Walisema pia mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hizo mbili huchukuliwa kana kwamba zinapingana. Kwenye tuta la chainizi naona ni agizo moja lenye hatua mbili. Kwanza mpokee, mpe maji na kivuli, ukijua amekuja na uponyaji wako. Kisha mpe kazi, kwa sababu asiyepewa kazi nyumbani kwako hawezi kuwa wa nyumbani. Chainizi imepewa jembe siku nyingi. Inalisha watoto na kununua madaftari yao.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mchimbaji na mlima bustani wote wameinama juu ya udongo mmoja, na pengine umbali kati yao ni mita mia mbili. Mmoja anautazama udongo kama mfuniko: kuna kitu chini yake, na udongo umekizuia. Mwingine anautazama udongo wenyewe, rangi yake, unyevu wake, harufu yake baada ya maji. Wasukuma walikuwa na majina ya udongo kabla ya maabara yoyote kufika: luseni ni ule wa kichanga, kikungu ni mwekundu, itogolo ni ule mgumu usiopitisha maji upesi, na mbuga ni mweusi wa mfinyanzi unaopasuka kiangazi na kunata masika. Mtu mwenye majina ya udongo ana mahusiano na udongo. Mchimbaji naye anajua kusoma mwamba, anajua mkanda wa mawe meupe unavyoelekea, na ujuzi huo sitaudharau kamwe; umesomesha wengi na kujenga nyumba nyingi za bati. Ila kazi yake ikiisha pahala, hubaki shimo. Kazi ya mwenzake ikiisha, udongo unabaki mweusi kidogo kuliko alivyoukuta.

Mali hizi mbili zinatofautiana pia katika kukaa. Dhahabu haiozi, ndiyo sifa yake kuu, na kwa sababu haiozi inaweza kufichwa, kufungiwa, kusafirishwa mbali, kumngojea mtu miaka hamsini bila kupungua. Bei yake hupangwa katika masoko ya miji ambayo mchimbaji wa Nyarugusu, huko Geita, hataiona. Chainizi iliyochumwa alfajiri, jioni imelegea. Haingoji. Muuzaji huinyunyizia maji, huigeuza, huita wapita njia, na jua likizama huongeza majani kwenye fungu bila kuombwa. Kilichobaki anampelekea jirani. Ni mali isiyoweza kulimbikizwa, na nimeona kwamba kwa sababu hiyo inajenga ujirani ambao mali ya kudumu huuvunja. Mwenye dhahabu hufunga mlango. Mwenye mboga inayonyauka hugonga mlango wa mwenzake. Ngoma ivumayo haidumu, na rasha nyingi zimevuma zikanyamaza, lakini bakuli la mboga lililopita juu ya ua linakumbukwa siku ya msiba na siku ya arusi.

Tusilisifu jani kupita kiasi, hata hivyo, maana lina udhaifu wake na lina adui wake. Adui mkubwa wa ukoo wa kabichi duniani ni nondo mdogo wa kijivu ambaye mabwana shamba humwita nondo mgongo wa almasi, kwa vile anapokunja mabawa yake hujipanga mgongoni alama zenye pembe nne. Katika mkoa wa Shinyanga, ambako John Williamson aligundua almasi Mwadui mwaka 1940, jina hilo lina uzito wa pekee. Viwavi wake wadogo wa kijani hutoboa jani hadi libaki wavu. Na huyu naye ni mstahimilivu: katika miaka ya 1950, kisiwani Java, alikuwa mdudu wa kwanza wa mazao kuonekana amezoea sumu ya DDT, na tangu hapo amezoea sumu moja baada ya nyingine. Wanaopulizia kila wiki wanamfundisha. Wanaomshinda ni wale wanaopindua majani kila asubuhi na kuponda mayai kwa kidole, wanaobadilisha tuta ili kabichi isifuate kabichi, wanaotumia maji ya mwarobaini, wanaofunika chandarua mapema. Nondo huyu amenisahihishia fikra. Ustahimilivu peke yake si wema. Kiwavi anao, gugu linao, dhuluma inao mwingi. Jambo la kuuliza ni kitu kinastahimili kwa faida ya nani.

Nikiitazama chainizi tena, naona haikuja kwenye nchi isiyojua baridi kama nilivyodhani mwanzoni. Imekuja kwenye nchi yenye baridi ya aina nyingine. Baridi kali ya kaskazini huumiza mmea hasa kwa kiu: maji yanageuka barafu, na seli za jani hunyauka zikiwa zimezungukwa na maji ambayo haziwezi kuyanywa. Kiangazi chetu kinafanya hivyohivyo kwa njia ya mbingu kavu. Mvua za Shinyanga, milimita 600 hadi 800 kwa mwaka, huanguka kati ya Novemba na Mei, kisha mlango hufungwa. Kule maji yamefungwa kwenye barafu, huku yamefungwa juu. Na binadamu wa pande zote mbili wamejibu kwa akili moja. Wakorea, kabla majira ya baridi hayajaingia, hukutana majirani kwa majirani na kusindika kabichi zao kwa chumvi na pilipili kuwa kimchi. Desturi hiyo ya kuandaa pamoja ilitambuliwa na UNESCO mwaka 2013. Wasukuma, masika yakielekea ukingoni, huchuma majani ya kunde, huyachemsha, huyaanika juani na kuyahifadhi yakiwa nsansa, pamoja na michembe na matobolwa ya viazi vitamu, ili miezi mikavu isikute jiko tupu. Bibi wa Seoul na bibi wa Maswa hawakuwahi kusikiana, na wote walikuwa wakifanya hesabu moja: jani la leo litamfikiaje mtoto wa mwezi ambao hauna majani?

Kwa hiyo siogopi sana ninaposikia wazee wakilalamika kwamba mboga za kigeni zimeziondoa za asili mezani. Malalamiko yenyewe ni ya haki. Mgagani wenye uchungu wake wa heshima, mlenda, majani ya kunde, mchicha wa porini, yote hayo yalikuwa chakula na dawa, na yanavumilia jua letu bila kubembelezwa. Kijana akiyaonea aibu na kuona chainizi ndiyo mboga ya mjini, tumepoteza. Lakini kosa hilo ni la aibu, si la chainizi. Kituo cha Dunia cha Mboga kilianzishwa Taiwan mwaka 1971 kwa ajili ya mboga za Asia, kikafungua ofisi yake ya Afrika Arusha mwaka 1992, na ni hapo, mikononi mwa taasisi iliyozaliwa kwenye nchi ya pak choi, mbegu za mnavu, mgagani na mchicha wetu zilikusanywa, zikachambuliwa na kurudishwa kwa wakulima kwa heshima mpya. Mgeni alikuja akatuonyesha thamani ya kilichokuwa uani kwetu. Na tukifuata ukoo mbali zaidi, hata ugeni wenyewe unapungua. Ile loshuu ya Arusha, ambayo wengine huiita figiri, asili yake ni Ethiopia, nayo ni ndugu wa chainizi katika familia ileile ya kabichi. Mpunga wa majaluba, ambao leo hakuna Msukuma atakayeuita mgeni, asili yake ni Asia. Mahindi na viazi vitamu vilivuka bahari kutoka Amerika. Bustani ya Shinyanga ni baraza la mataifa, na kilichowafanya wawe wenyeji ni mikono iliyowalea.

Nchi yenyewe imewahi kuwa mgonjwa aliyehitaji kulelewa. Kuanzia miaka ya 1920 misitu ya Shinyanga ilifyekwa kwa maelfu ya ekari ili kumfukuza mbung'o, kisha pamba, mifugo na kuni vikamaliza kilichobaki, hadi katika miaka ya 1980 watu wakaanza kuiita jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, na hekima yake kubwa haikutoka mbali: ilitoka kwa Wasukuma, waliokuwa na desturi ya ngitili, yaani kufunga sehemu ya malisho wakati wa mvua ili nyasi na miti vipumzike, na kuifungua kiangazi kikikaza. Ngitili zilizokuwa hekta zipatazo 600 mradi ulipoanza zilivuka hekta 300,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mwaka 2002 dunia ikautunuku mradi huo Tuzo ya Ikweta. Miti mingi haikupandwa. Visiki vilivyokuwa hai chini ya ardhi viliachwa viote. Ni funzo la tuta la chainizi kwa kipimo cha mkoa mzima. Ardhi haikuhitaji kuambiwa ivumilie zaidi. Ilihitaji kuachwa ipumue, na watu waliokubaliana kuilinda. Baadaye maji ya Ziwa Victoria yakasukumwa kutoka Ihelele hadi Shinyanga na Kahama, na bomba likafanya kiangazi kisiwe tena hukumu ya bustani.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniumiza. Jani halina siri. Mbegu inaweza kujifunga ganda, mzizi unaweza kubagua, lakini jani pana lenye pumzi nyingi hupokea linachopewa. Mchimbaji mdogo akishasaga mawe yake, huchanganya unga na zebaki. Zebaki hushika dhahabu. Kisha donge huchomwa juu ya mkaa, na zebaki hupaa hewani ikiacha dhahabu peke yake. Inapaa, haipotei. Inashuka juu ya bati, juu ya nguo zilizoanikwa, juu ya maji, na majani huivuta moja kwa moja kupitia vitundu vyake vya kupumulia. Kuosha hakuondoi kilichokwisha kuingia ndani. Marudio ya karasha, yaani mabaki ya mawe yaliyosagwa, yakiachwa wazi, mvua huyabeba hadi kwenye bonde ambalo mama analima kwa sababu ndilo lenye unyevu. Rwamagasa, wilayani Geita, palikuwa miongoni mwa maeneo ambayo Umoja wa Mataifa ulifanyia kazi tatizo hilo la zebaki mwanzoni mwa karne hii. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020. Minamata ni mji wa Japani, katika nchi ileile ya komatsuna na mizuna, ambako mwaka 1956 ulitambuliwa ugonjwa wa watu waliokula samaki wa ghuba iliyomwagiwa zebaki na kiwanda. Asia imetupa vitu viwili: jani, na onyo kuhusu kinachoweza kuingia katika chakula. Tumelipokea jani kwa mikono miwili. Onyo tumelipokea kwa mkono mmoja.

Ninayasema haya bila kumnyooshea kidole kijana anayechoma donge lake nyuma ya chumba cha kupanga. Naye ni mche ulioletwa kwenye jua lisilo lake. Hakuambiwa, au aliambiwa na mtu aliyetaka kumfukuza badala ya kumsaidia. Vipo vyombo vya kufungia moshi wa zebaki ukarudi kuwa zebaki. Zipo njia za kuchenjua bila zebaki. Upo uwezekano wa kutenga eneo la karasha mbali na makazi, mbali na visima na mbali na bustani, na kuamua kabisa kwamba bonde la mboga halitupiwi marudio. Hayo ni maamuzi ya serikali ya kijiji, ya halmashauri, ya vikundi vya wachimbaji wenyewe, na yakisubiri hadi ugonjwa uonekane yatakuwa yamechelewa. Udongo upatize uli maji, walisema wafinyanzi. Ardhi iliyokwisha kunywa sumu haifinyangwi tena kirahisi.

Mgodi wa Buzwagi, jirani na Kahama, ulifunguliwa mwaka 2009 na kufikia mwaka 2021 uchimbaji ulikuwa umekoma. Miaka kumi na miwili. Ni muda mfupi kuliko umri wa mwembe unaotoa kivuli kamili. Migodi mingine itadumu zaidi, lakini hakuna hata mmoja uliokula kiapo cha kukaa. Siku itafika Geita nayo itahesabu kilichobaki, na watoto wetu watatuuliza tulijifunza nini wakati wa neema. Naomba tuwe na jibu. Tuwe tumewafundisha shuleni kutengeneza kitalu, kutambua luseni na kikungu, kuoza samadi, kulinda bonde. Tuwe tumewalipa wauza mboga kwa adabu, bila kulivuta fungu lao hadi liwe bure, kwa kuwa jasho lililomo humo ni la saa kumi alfajiri. Ukipita ukamkuta mmoja wao ameinama kwenye tuta, mwamkie kwa Kisukuma, mwangaluka mayu, yaani umeamkaje mama, usimame kidogo, usikie anavyoieleza kazi yake. Hutasikia neno uvumilivu hata mara moja. Utasikia maji, kivuli, mbolea, wadudu, jua la leo. Anajua kwamba kiumbe hakiambiwi kivumilie. Kinaandaliwa mahali pa kuishi. Nchi iliyotajirika kwa kuchimba ina deni la kujifunza hesabu ya mtu huyo: kumuuliza kila mgeni, kila mtoto na kila mchovu aliyefika mlangoni, si ana nguvu kiasi gani, bali jua gani linamchoma, kisha kusimika vijiti vinne na kutandaza nyasi.